Ruhusa si saa: kwa wazazi wa diaspora wenye watoto kwenye kozi za ufundi Marekani

Binti yangu alimaliza kozi ya uuguzi msaidizi akiwa shule ya upili, akapata alama ya A, na bado akakataliwa kufanya mtihani wa cheti. Kama ulisomea Kenya, maneno hayo hayaingii akilini. Sisi tuliolelewa na KNEC, baraza la mitihani la Kenya, tunajua kwamba mradi jina limesajiliwa na namba ya mtihani unayo, siku ikifika unaingia chumbani, na ukifaulu umefaulu. Nani atakuuliza ulikuwa wapi mwezi wa Aprili? Huko Marekani watakuuliza. Mimi waliniuliza, nikabaki nimeshika mkoba tu.

Naandika nikiwa Umoja, Nairobi, nyumbani kwa dada yangu, likizo ya Desemba. Kila jioni mtu anapiga hodi, anapewa chai, kisha anaanza, "Nasikia huko watoto wanasomeshwa kazi bure." Nimechoka kueleza mmoja mmoja.

Ni kweli, ni bure. Shule za upili za umma, gredi ya 9 hadi ya 12, zina masomo ya kazi na ufundi wanayoyaita CTE: uchomeleaji vyuma, umeme wa nyumba, magari, ususi, upishi, kompyuta, uuguzi msaidizi. Serikali kuu yao ilianza kuyafadhili kwa sheria ya 1917, na inayotumika leo ni sheria ya Perkins ya 1984, iliyorekebishwa mara ya mwisho 2018. Mara nyingi mtoto hushinda nusu siku shuleni kwake na nusu nyingine kwenye kituo kinachohudumia shule kadhaa, basi la njano likimpeleka na kumrudisha. Fomu hutoka kwa kaunsela wa shule, kwetu ni baada ya Krismasi, kwa mwaka wa masomo unaoanza Agosti au Septemba. Jaza, tia sahihi, ngoja barua. Hapo hakuna shida.

Shida ya kwanza ilikuwa ndani ya kichwa changu. Nilipomwambia kaka yangu mkubwa kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kwa hivyo umempeleka mtoto Amerika asomee poly." Nikaona aibu, nikaiweka fomu wiki mbili juu ya friji. Sisi bado tunaamini ufundi ni wa waliofeli, ilhali ukienda Kariobangi Light Industries utakuta fundi anamkodishia nyumba mwenye digrii. Sasa hata CBC, mtaala mpya wa Kenya, imekuja na gredi ya 10 na mikondo yake mitatu, na bado wazazi wanauliza mkondo upi ni wa "watoto werevu". Lakini anayeshuku si mjinga. Huko Marekani pia, kwa miaka mingi, watoto weusi na watoto wa wahamiaji walisukumwa kwenye karakana ili wasisumbue vyuo vikuu. Kwa hiyo uliza mtoto ataendelea na hesabu na sayansi ya kiwango gani. Ukiridhika, tia sahihi. Katika darasa la binti yangu kulikuwa na mtoto wa daktari wa meno, na hakuna aliyemwonea haya.

Sasa njoo kwenye shimo nililotumbukia.

Mama yangu alifariki Aprili, mwaka wa pili wa kozi ya binti yangu, wiki ile ile darasa lao lilipokuwa linaanza mazoezi kwenye makao ya wazee. Kaka akapiga simu usiku: mjukuu wa kwanza lazima amwage udongo. Sikubisha, na hata leo nisingebisha. Niliandika barua pepe kwa ofisi ya mahudhurio ya shule. Kabla chai haijapoa nikajibiwa: pole sana kwa msiba, mtoto amepewa ruhusa, safirini salama. Niliichapisha karatasi ile, nikaikunja ndani ya pasipoti. Kwa akili yangu ya Nairobi, kazi ilikuwa imekwisha. Nimebeba karatasi ya ruhusa kama ile ya naibu wa mwalimu mkuu, na mtoto akirudi atanakili madaftari ya wenzake, yaishe.

Tulipanga wiki moja. Mnajua matanga yetu. Mchango haujatimia, bili ya hospitali haijalipwa, mjomba wa Mombasa hajafika, kamati inakutana tena kesho jioni. Wiki moja ikawa tatu. Tukamzika Lang'ata, tukarudi.

Mwalimu wao, muuguzi mzee mwenye mvi na sauti ya chini, aliniita akafungua faili. Ndani mlikuwa na karatasi yenye miraba, kila mraba siku, kila siku saa, kila saa sahihi. Miraba ya binti yangu ilikuwa mitupu. Alikosa saa 24 za mazoezi. Makao yale ya wazee yalikuwa yameshamaliza kupokea wanafunzi msimu huo, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuzifidia. Nikatoa karatasi yangu ya ruhusa. Akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema hii ni ya shule. Ruhusa inamlinda mtoto asihesabiwe mtoro. Haimpi saa hata moja.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Ruhusa si saa. Ruhusa ya shule inazungumza na shule. Saa za kozi zinazungumza na jimbo linalotoa cheti, na hao wawili hawasalimiani. Alama ya A ilitoka kwenye vitabu na mitihani ya darasani, nayo ilibaki kwenye matokeo yake vizuri kabisa, ikamhesabia kumaliza shule. Lakini jina lake halikupelekwa kwenye mtihani wa cheti, kwa sababu anayepeleka majina huangalia miraba.

Na si roho mbaya ya mwalimu. Kwa uuguzi msaidizi, sheria ya serikali kuu inataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, na ndani yake saa 16 za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza: California ni saa 160, Maine 180. Kazi ya saluni (cosmetology) ni hivyo hivyo, New York inataka saa 1,000 kabla ya leseni. Hata mtoto awe na mkono wa dhahabu, awe amewasuka shangazi zake wote tangu darasa la tatu, saa ni saa. Fundi wa Kamukunji hujifunza kwa kutazama, na siku akitengeneza sufuria isiyovuja amehitimu. Huko wanahesabu ulivyokaa.

Nimewaza sana kwa nini nilinaswa, na nadhani ni ile pole. Mmarekani hukupa pole haraka na tabasamu juu yake, na vyote viwili ni vya kweli. Ila pole yake haina mamlaka nje ya meza yake. Kwetu, mtu wa ofisini akikuhurumia huinua simu: ngoja nimpigie fulani, nimweleze hali yako. Ndiyo maana sisi tukishahurumiwa huwa tunaenda kulala. Huko anayekuhurumia hamjui fulani, na akimjua, si kazi yake kumpigia. Mwanzoni niliona ni ubaridi. Siku hizi naona pia kwamba hakuna aliyeniomba kitu kidogo ili aijaze ile miraba, na kwa kweli sijui kama nyumbani ningekuwa na nguvu ya kukataa.

Basi fanya hivi. Siku ya kwanza ya kozi, kabla ya sare na viatu vyeupe, muulize mwalimu wa ufundi (si kaunsela, si sekretari, mwalimu wa ufundi mwenyewe) saa zinazotakiwa ni ngapi, za mazoezi ni tarehe zipi hasa, na mtoto akizikosa anazifidia wapi na mwisho lini. Akupe kwa maandishi. Tarehe za mazoezi ziandike kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu, na umtumie picha kila ndugu anayeweza kufa, kuoa au kuitisha kikao. Natania kidogo. Kila Ijumaa mtoto apige picha ile karatasi ya saa, maana sahihi husahaulika na walimu hubadilika. Msiba ukitokea, usikate tiketi kabla hujamwandikia mwalimu wa ufundi na kupata jibu linalotaja idadi ya saa na siku za kufidia. Akikujibu kwa pole peke yake, andika tena. Jibu lisilo na namba si jibu.

Na kama saa haziwezi kufidiwa, mwache mtoto abaki kwa jirani au kwa watu wa kanisa, wewe uende. Najua lilivyo zito hilo. Dada yangu anayenisomea begani hapa amekunja uso. Lakini mama yangu alilea wajukuu sita Umoja hii hii na hakuwahi kumkosesha hata mmoja mtihani kwa ajili yake.

Mengine nitayapita haraka. Kabla ya kugusa mgonjwa, mtoto hupimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozi. Watoto wetu wamechanjwa BCG, lile kovu la mkononi, na chanjo ile yaweza kuufanya mkono uvimbe kana kwamba anaugua. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, usije ukapoteza wiki ukifukuzana na picha za eksirei. Majina nayo: pasipoti ya Kenya ina matatu, shule ikaandika mawili, na chumba cha mtihani kinataka jina la kitambulisho na la usajili yafanane herufi kwa herufi. Rekebisha mapema. Mtihani wenyewe una sehemu ya maswali na sehemu ya vitendo, na sheria inampa mtu angalau nafasi tatu, kwa hiyo akianguka mara moja usianze maombi ya kukesha.

Sisi tulikosa kabisa. Mwaka uliofuata nafasi zilikuwa zimejaa, binti akamaliza shule, nikalipa zaidi ya dola elfu moja kwenye chuo cha binafsi arudie kozi ile ile aliyokuwa anapewa bure. Safari hii alipita. Jirani yangu Mkamba ndiye aliyenifungua macho kwamba makao ya wazee yakikuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, una haki ya kudai ulichotumia kwenye mafunzo. Tulidai, zikarudi kidogo kidogo. Tunza risiti.

Jambo moja kwa wanaopanga kuwarudisha watoto chuo kikuu Nairobi: jina la muuguzi msaidizi hubaki hai kwenye rejista ya jimbo akiwa anafanya kazi hiyo kwa malipo. Zikipita miezi 24 mfululizo bila hiyo kazi, anaanza upya. Na mwanangu asije hapa Ngong Road akajitambulisha kwa Baraza la Wauguzi. Hapa cheti hicho hakimfanyi muuguzi, na hata huko ni msaidizi.

Sasa ninyi mnaopiga hodi hapa kwa dada. Mama Kevo, nakuheshimu, lakini siwezi kumchukua Kevo "akasomee tu huko kwako." Mtoto anayeingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kukaa shule ya upili ya umma zaidi ya miezi 12, na hata hiyo miezi lazima alipe gharama kamili ya masomo kabla ya kupewa viza. Viza ya kutembea haimruhusu kujiandikisha shuleni. Bure ni ya mtoto anayeishi huko na wazazi wake. Usimlipe yule kijana wa mjini mwenye ofisi ya ngazi moja anayekuambia vinginevyo. Ukiniuliza, Kevo anayependa waya na soketi ana trade test, mtihani wa ufundi, ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, pale Industrial Area, gredi ya III kwanza kisha apande, na hakuna ubalozi utakaomnyima.

Kijana wangu wa pili yuko kwenye kozi ya umeme mwaka huu. Darasa lao linaanza tena Januari, wiki ya kwanza, na nimeshauliza: saa zilizokosekana hufidiwa Jumamosi mbili tu kwa muhula, hivyo ndivyo mwalimu alivyoandika, na namba. Sherehe ya ruracio (mahari) ya mpwa wetu ilikuwa Desemba 28. Juzi kamati imeisogeza hadi Januari 10 kwa sababu ya hema. Nimemwambia kaka kwamba kijana anaondoka na ndege ya Januari 2, mimi nitabaki nipike. Ameusoma ujumbe, alama mbili za bluu ziko pale, hajajibu.