Sakafu ya Nyumba ya Baada ya Vita Nchini Marekani: Kufufua Iliyopo au Kuweka Mpya

Mtu anayetafuta nyumba ya bei ya wastani katika viunga vya miji ya Marekani, iwe Columbus, Minneapolis au Dallas, si ajabu akaangukia nyumba ndogo iliyojengwa kati ya 1945 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walipopata mikopo yenye masharti nafuu chini ya sheria ya mwaka 1944, nao wajenzi wakainua mitaa mizima kwa mkupuo mmoja. Nyumba hizo huwa na vyumba vidogo na, mara nyingi, zulia lililochakaa ambalo mnunuzi huapa kuling'oa kabla hata hajahamia. Kuling'oa si kosa. Kosa ni kununua sakafu mpya kabla ya kujua kilicho chini ya zulia hilo, kwa maana huenda pana mbao za mwaloni zinazohitaji msasa na vanishi tu, au huenda pana vigae vyenye asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na ambavyo havipaswi kuguswa kwa nyundo.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Ingia kwenye kabati la nguo lililojengwa ukutani, shika pembe ya zulia kwa koleo na uinyanyue taratibu. Mahali hapo ndipo mafundi wa zulia hawakuwa na haja ya kufanya kazi nadhifu, na ndipo sakafu ya asili husalia bila kukanyagwa sana. Kisha ondoa kifuniko cha tundu la hewa ya moto lililo sakafuni, kama nyumba ina matundu hayo, kwa sababu ukingo wa tundu utakuonyesha tabaka zote za sakafu zilivyolaliana kama chapati kwenye sahani. Kwa rula ndogo na tochi utapima unene wa kila tabaka bila kuvunja kitu.

Nyumba iliyojengwa juu ya chumba cha chini ya ardhi, au juu ya uwazi mfupi ulioachwa kati ya ardhi na sakafu, huwa na mihimili ya mbao, juu yake mbao ghafi zilizolazwa mshazari au plaiwudi katika nyumba za baadaye kidogo, na juu kabisa mbao za mwaloni. Kipimo cha kawaida cha mbao hizo ni upana wa inchi 2¼ na unene wa inchi ¾, yaani takriban milimita 57 kwa 19, na kila ubao una ulimi unaoingia katika mfuo wa mwenzake. Misumari hupigwa kupitia ulimi huo, hivyo haionekani. Sehemu inayoweza kupigwa msasa ni ile iliyo juu ya ulimi tu, ambayo ubao ukiwa mpya hufikia karibu robo ya inchi, na msasa kamili huondoa takriban sehemu moja ya thelathini na mbili ya inchi. Sakafu ya namna hii inaweza basi kufufuliwa mara kadhaa katika uhai wake, lakini ukiona vichwa vya misumari vinachungulia katikati ya mbao na kingo za mfuo zimeanza kumeguka, ujue waliokutangulia wamekwisha kuila yote, na mashine ikipita tena itaimaliza. Zingatia pia kwamba baadhi ya nyumba za kipindi hicho, hasa California, ziliwekewa mbao nyembamba za unene wa inchi 5/16 zilizopigiliwa kutoka juu. Katika nyumba hizo misumari huonekana tangu siku ya kwanza, na kuonekana kwake si dalili ya uchakavu, ingawa mbao zenyewe ni nyembamba na hazivumilii mashine nzito.

Asbestosi na risasi

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Vigae vya mraba vya inchi 9 kwa 9, vya lami au vya vinili, vilivyowekwa katika miaka ya 1940 na 1950, vina uwezekano mkubwa wa kuwa na asbestosi, na gundi nyeusi iliyovishikilia huenda nayo ikawa nayo. Mgongo wa karatasi wa baadhi ya vinili za kuviringishwa zilizowekwa jikoni ni hatari zaidi, kwa kuwa nyuzi zake hujiachia kwa urahisi vinili inapochanwa. Rangi na ukubwa wa kigae haviwezi kuthibitisha jambo hilo; kinachothibitisha ni maabara yenye ithibati, inayopokea kipande kidogo na kukipima kwa darubini. Kama utachukua sampuli mwenyewe, lowesha mahali hapo kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, zima feni na mashine ya hewa, vaa barakoa inayofaa kwa asbestosi badala ya ile ya kitambaa, kata kipande kidogo pamoja na gundi yake, kifunge katika mifuko miwili, kisha uzibe ulipokata.

Jibu likirudi kwamba ipo, usihangaike. Kigae kizima kilichoshika sawasawa hakiachii nyuzi hewani, na ushauri wa mamlaka ya mazingira ya Marekani ni kuacha mahali pake kile ambacho hakijaharibika. Unaweza kuweka sakafu mpya juu yake, kama vile mbao za vinili zinazobanana zenyewe bila gundi, mradi vigae viko imara na usawa wake unaridhisha. Usivipige msasa kamwe, usivikwangue vikiwa vikavu, wala usiruhusu mashine ya kukwangua gundi iingie ndani. Pale inapolazimu kuviondoa, sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo kuhusu nani anaruhusiwa kufanya kazi hiyo na taka zake zitupwe wapi, na kwa maoni yangu gharama ya mkandarasi mwenye leseni ni afadhali kuliko kuishi na vumbi lile katika nyumba yenye watoto.

Rangi yenye risasi, yaani ile metali yenye sumu, ni suala dogo kwa sakafu, lakini lipo. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, hivyo skatingi, yaani mbao za chini ya kuta, na sakafu iliyopakwa rangi katika nyumba ya 1950 zipimwe kabla ya kupigwa msasa. Vanishi za zamani nazo zaweza kuwa na risasi.

Nyumba iliyokaa juu ya zege

Si nyumba zote zina mihimili. Huko Levittown, New York, ambako zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa kati ya 1947 na 1951 juu ya yaliyokuwa mashamba ya viazi, nyumba zilikalishwa moja kwa moja juu ya zege, vigae vya lami vikabandikwa juu yake, na mabomba ya shaba yenye maji ya moto yakazikwa ndani ya zege ili kupasha nyumba joto. Mwenye nyumba ya aina hii asipige msumari wala kutoboa sakafu kwa drili kabla ya kujua kama mabomba hayo bado yapo na yanafanya kazi, kwani tundu moja la drili litamlazimisha kuvunja zege kutafuta linapovuja.

Tatizo la pili la zege la zamani ni unyevu. Mara nyingi chini yake hapakutandikwa nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, na vigae vya lami vilichaguliwa kwa sababu vilivumilia hali hiyo. Mbao hazivumilii. Bandika kwa mkanda kipande cha nailoni cha futi mbili kwa mbili juu ya zege tupu na ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone chini yake au zege limegeuka jeusi, unyevu upo. Kukuta pakavu hakutoshi kukuhakikishia, kwa hiyo kama unakusudia kutumia fedha nyingi, fanya kipimo cha kloridi ya kalsiamu au cha kupima unyevu ndani ya zege. Katika sakafu kama hii mimi huchagua vigae vya kauri au vinili inayobanana, na siweki mbao halisi hata kama muuzaji ataapa kwamba gundi yake huzuia maji.

Kufufua mbao za mwaloni

Kama ukaguzi umeonyesha mwaloni mzima, kata zulia kwa kisu katika mikanda ya upana unaobebeka, liviringishe na ulitoe. Vijiti vyenye misumari vilivyo kandokando ya kuta ving'olewe kwa mtaimbo mdogo, ukiweka kipande cha ubao chini yake ili usichubue mwaloni, na pini zilizoshikilia sponji ya chini ya zulia zitolewe moja moja kwa koleo. Kazi hii ya pini inachosha magoti na haina njia ya mkato, kwa kuwa pini moja iliyosahaulika huchana mkanda wa msasa. Misumari yote inayoonekana izamishwe chini ya uso wa ubao.

Kabla ya kukodi mashine, uliza kama unaihitaji. Mbao zilizokuwa chini ya zulia kwa miaka mingi wakati mwingine zimefifia tu, na kinachotosha ni kuikwaruza vanishi ya zamani kidogo kwa mashine ya duara na kuongeza tabaka jipya. Kizuizi ni nta. Dondoshea maji mahali palipofichika. Yakiacha doa jeupe baada ya dakika kumi hivi, huenda sakafu ina nta, na vanishi ya kisasa haitashika juu yake. Dondoshea pia spiriti: tabaka la juu likilainika na kunata, basi ni shelaki, vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti, iliyotumika sana katika nyumba hizi, na hiyo pia ni bora iondolewe yote.

Msasa kamili huanza na namba 36 au 40 kwa sakafu chafu, kisha 60, 80 na hatimaye 100. Usiruke namba mbili kwa tamaa ya kumaliza mapema, maana mikwaruzo ya namba 36 haionekani kwenye vumbi, ila hujitokeza pale tu vanishi inapogusa ubao. Mashine kubwa ya ngoma husukumwa kufuata urefu wa mbao, isipokuwa sakafu iliyopinda, ambayo mpito wa kwanza huweza kwenda mshazari kidogo. Kanuni yake ni moja: ngoma ikigusa sakafu, miguu yako iwe inatembea, na kabla ya kusimama uiinue. Nilisimama kwa sekunde tatu hivi kujibu simu katika nyumba yangu, na bonde nililochimba mbele ya mlango wa chumba cha kulala bado naligonga kwa kidole cha mguu kila usiku. Pembeni mwa kuta hutumika mashine ndogo ya duara, na kwenye pembe kabisa, kikwangulio cha mkono.

Madoa meusi hayatatoka yote kwa msasa. Mwaloni una tanini, kemikali ya asili ya mti huo, na tanini ikikutana na maji na chuma hugeuka nyeusi, ndiyo sababu kila msumari ulioloweshwa huzungukwa na duara jeusi. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto huling'arisha doa la namna hiyo, mradi uvae glavu na miwani, kwa kuwa ni sumu, na baadaye ufute kwa maji yenye baking soda kisha kwa maji safi kidogo. Mkojo wa mbwa au paka uliozama ndani ni habari nyingine. Mara nyingi ni rahisi kubadilisha ubao. Mbao za kubadilishia zitolewe ndani ya kabati la nguo, kwa sababu zina umri na rangi ile ile, na zile mpya kutoka dukani ndizo ziwekwe huko kabatini. Mbao mpya, hata hizo chache, zikae ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya kupigiliwa ili unyevu wake ulingane na wa sakafu, na ukiweka chumba kizima upya, acha nafasi ya takriban nusu inchi hadi robo tatu ya inchi kandokando ya kuta, ambayo skatingi itaificha.

Vumbi la msasa lililochanganyika na vanishi ya zamani huweza kujiwasha lenyewe likikaa kwenye mfuko wa mashine, vivyo hivyo vitambaa vilivyolowa mafuta. Mfuko utolewe nje kila jioni, na vitambaa vianikwe nje au vizamishwe majini ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Vanishi na siku za kusubiri

Vanishi ya poliyurethani ya mafuta huupa mwaloni rangi ya asali inayozidi kukolea kadiri miaka inavyopita, hunuka sana, na kila tabaka huhitaji kati ya saa 8 na 24 kabla ya jingine. Zima viwashio vya gesi vinavyowaka muda wote, fungua madirisha na ulale kwingine. Ile ya maji hukauka kwa saa chache, haina harufu kali na huacha ubao karibu na rangi yake halisi. Bei yake ni ya juu. Katika nyumba ya 1950 mimi hupendelea ya mafuta, kwa kuwa rangi yake inakaribiana na ile ya zamani katika vyumba ambavyo havijaguswa. Matabaka mawili au matatu yanatosha, na katikati yake pitisha msasa laini na ufute vumbi.

Unaweza kutembea na soksi siku inayofuata, lakini samani zisubiri siku tatu au nne, zibebwe badala ya kuburutwa, na miguu yake ibandikwe vipande vya kitambaa kinene. Zulia dogo lisitandikwe kabla ya siku 30 ikiwa vanishi ni ya mafuta, kwani huzuia hewa na kuacha alama ya mraba. Sisi tuliokulia kwenye sakafu ya saruji nyekundu tuna mazoea ya kumwaga ndoo ya maji na kusukuma kwa ufagio hadi mlangoni. Kwa mwaloni, kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe ndicho cha kutumia, na wageni wanaokuja kukusaidia usafi waambiwe hivyo kabla hawajaufikia mfereji.