SOMO: Kufuata jina la nadra la Kiayalandi mpaka kitongojini kwake (mfano: Durack)

Kila wiki napokea ujumbe uleule. "Dada, mume wangu ni Mwayalandi, jina lake linatoka wapi?" Au ni mwajiri, au padri, au mwalimu wa zamani. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, na sasa naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Natumia mfano wa jina Durack kwa sababu bibi mzaa mama wa mume wangu alizaliwa nalo, na kwa sababu ni jina linalofundisha vizuri: ni la nadra na kwao panajulikana. Majina ya nadra yana neema hiyo. Jina lenye watu wengi limechipuka mahali kumi tofauti, ila la nadra mara nyingi lina shina moja, na ukilifuata kwa subira unafika mpaka shambani.

1. Andika kila tahajia unayoweza kuifikiria.
Durack, Durac, Durick, Duracke, O'Durack. Makarani waliandika walichosikia.

2. Tafuta umbo la Kiayalandi.
Durack ni Ó Dubhraic. *Ó* maana yake mjukuu au mzao, *Mac* ni mwana. Utawala wa Kiingereza ulipokaza, familia nyingi zilidondosha Ó na Mac, kwa hiyo usishangae ukiliona jina limebaki uchi. Na usikubali jina kwa kufanana tu. Durkan, au Durcan, linasikika kama ndugu yake, lakini hilo ni la kaunti za Mayo na Sligo na asili yake ni nyingine kabisa. Mtambo wa kutafutia utakuletea yote mawili pamoja. Yatenganishe mapema.

3. Uliza jina lilikaa wapi zamani.
Washairi wa enzi za kati waliorodhesha machifu na nchi zao. Ó Dubhraic wanatajwa kuwa wakuu wa Uí Chonghaile, na nchi hiyo haijapotea: jina lake limebaki katika parokia ya Ogonnelloe, mashariki ya kaunti ya Clare, pale mlima unaposhuka kwenye ziwa Lough Derg la mto Shannon. Ni maili chache tu kutoka Killaloe, kwao Brian Boru, mfalme aliyeuawa Clontarf mwaka 1014. Nimesimama pale juu siku ya mvua nyembamba. Maji yako chini, kaunti ya Tipperary iko ng'ambo, na unaelewa kwa nini jina lilivuka ziwa likaenda upande ule pia.

4. Sensa za 1901 na 1911.
Ni bure mtandaoni, kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Sensa ya kwanza ilifanyika 31 Machi 1901, ya pili 2 Aprili 1911. Watu wengi hutazama orodha ya majina wakafunga. Msifunge. Fungua picha ya fomu yenyewe, kisha utafute fomu ya nyumba, ile inayoitwa B1. Pale karani aliipa kila nyumba alama: ukuta wa mawe au matofali ni 1, wa udongo ni 0, paa la vigae au bati ni 1, la nyasi ni 0. Kisha idadi ya vyumba na ya madirisha ya mbele. Mara ya kwanza kuisoma fomu ya nyumba ya bibi yule, paa lilikuwa 0. Nilikaa kimya kidogo. Nyasi, kama banda la bibi yangu mimi kule Pangani.

Fomu ya 1911 ina safu ambayo ya 1901 haina: mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa watoto wangapi hai, na wangapi bado wapo. Namba mbili kando kwa kando. Zisome kwa heshima.

Umri usiuamini. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, na baadhi ya watu waliokuwa na 58 mwaka 1901 walikuwa na 71 mwaka 1911.

5. Tathmini ya Griffith (1847 hadi 1864).
Hii ni orodha ya kodi ya ardhi na nyumba, inayotaja nani alikuwa mpangaji na nani mwenye shamba, kitongoji kwa kitongoji. Ndiyo inayoziba pengo la sensa za kabla ya 1901, ambazo karibu zote zimepotea. Kabla yake kuna madaftari ya zaka ya 1823 hadi 1837, ambayo ni ya waliokuwa wakishika ardhi ya kilimo tu.

6. Mipaka. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, someni polepole.
Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, jirani mmoja mzee aliniomba nimtafutie babu zake wa Mountshannon. Mountshannon iko Clare, kila mtu anajua, kibao cha barabarani kinasema Clare. Nikaingia kwenye Griffith, nikachagua Clare, nikapekua siku tatu. Hamna. Nikamwambia kwa uhakika wa mjinga kwamba watu wake hawakuwa na hata kibanda cha kupanga. Aliitikia tu kwa kichwa, akaniaga. Miezi sita baadaye ndipo nikajua: Griffith ilipoandikwa, Mountshannon ilikuwa kaunti ya Galway. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1898 ndiyo iliyoihamishia Clare, pamoja na upande wa Whitegate. Nikabadilisha kaunti, nikawapata ndani ya dakika kumi, na mpaka wa shamba lao kwenye ramani. Nilikwenda kubisha mlangoni kwake jioni ileile. Alikuwa bado hai, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kwa hiyo:
– Kaunti ya leo si lazima iwe kaunti ya mwaka unaoutafuta. Ukiona jina la Clare "limejitokeza" Galway, usitangaze tawi jipya la ukoo kabla ya kutazama ramani ya zamani.
– Wilaya ya usajili wa vizazi na vifo si kaunti. Ilifuata mji wenye nyumba ya maskini, na iliweza kuchukua vitongoji vya kaunti mbili. Cheti kikisema Scarriff, hakijasema kijiji.
– Parokia ya kiserikali na parokia ya Kanisa Katoliki ni vitu viwili, hata zikiwa na jina moja.
– Majina ya vitongoji yanajirudia nchi nzima. Vipo zaidi ya 60,000. Andika daima kitongoji, parokia, baroni (mgawanyo wa zamani wa kaunti) na kaunti, vyote vinne.

7. Vyeti na madaftari ya kanisa.
Vizazi, ndoa na vifo vya watu wote vilianza kusajiliwa 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki tangu 1845. Madaftari ya parokia za Kikatoliki mpaka karibu 1880 yamewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa tangu 2015, bure. Mengi ni ya Kilatini: Jacobus ni James, Honora ni Nora.

8. Weka nukta kwenye ramani.
Kila kaya nukta moja, sensa moja rangi moja. Durack wanakusanyika mashariki ya Clare, na unaona wakimwagikia jirani zao. Mkusanyiko wa namna hiyo ndio ushahidi wa shina moja.

9. Sasa vuka bahari.
Wengine huanzia hapa, wakapotea. Kwa jina hili bahari inaelekea Australia. Patrick Durack, aliyezaliwa 1834 Magherareagh karibu na Scarriff, alifika New South Wales na wazazi wake 1853, na baba akafa ajalini miezi miwili baadaye. Kijana akaenda kwenye dhahabu, kisha ng'ombe. Mwaka 1883 familia iliondoka Queensland na ng'ombe zaidi ya 7,000, ikawaswaga zaidi ya miaka miwili mpaka mto Ord, eneo la Kimberley, Australia Magharibi, na nusu hivi walifia njiani. Ardhi waliyofikia ilikuwa ya Wamiriwoong, wenyeji wa asili wa pale, ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Mto Durack uko kule mpaka leo. Na Fanny Durack wa Sydney ndiye mwanamke wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea, mita 100, Stockholm 1912. Kwa sababu hiyo mtu akitafuta Durack leo anaiona Australia kwanza, anadhani jina ni la kule.

MASWALI

Kevo_Dublin: Murphy linatoka wapi?

Bi Rukia: Ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote Ayalandi. Somo ni la majina ya nadra.

Kevo_Dublin: Sasa si unisaidie tu, we ndo unajua.

Bi Rukia: Nipe kitongoji au parokia ya babu yake, nitakusaidia leo hii. Bila hivyo hata mwenyeji hawezi.

Mama Salma: Shikamoo dada. Hiyo Ó na Mac si kama bin kwetu? Na wanawake wanafanyaje, kuna binti?

Bi Rukia: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Inakaribia bin, tofauti ni kwamba bin wetu hubadilika kila kizazi, na Ó iliganda: mzee mmoja Dubhrac akawa babu wa wote milele. Kwa hiyo inafanana zaidi na jina la ukoo kama Mazrui kuliko bin. Na binti lipo. Kwa Kiayalandi mwanamke aliyezaliwa kwenye ukoo huu ni Ní Dhubhraic, aliyeolewa humo ni Uí Dhubhraic. Ukoo wa Mac huchukua Nic kwa binti. Ile h inayoingia baada ya D inalainisha sauti, na ndiyo inayowafanya watu wadhani ni jina lingine. Ukikutana nayo kwenye jiwe la kaburi, usiruke.

Juma wa Cork: Nimesikia kumbukumbu zote za Ayalandi ziliungua. Mbona unatupa matumaini ya bure?

Bi Rukia: Si zote, na sipendi kusikia neno hilo kwa sababu limewakatisha tamaa wengi. Jengo la kumbukumbu kwenye Four Courts, Dublin, liliungua 30 Juni 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo zilikwenda karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, lile la Kianglikana. Lakini sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe zamani, na za 1881 na 1891 zilisagwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Moto haukuzigusa. Madaftari ya Wakatoliki yalikuwa parokiani, yakapona. Griffith ilikuwa imechapishwa. Hatua zote nilizoandika zinatumia vilivyopona.

Juma wa Cork: Hapo nimeelewa. Samahani kwa ukali.

Wambua K.: Mimi ni wa Kitui. Padri aliyenibatiza alikuwa wa Kiltegan, na jina lake ni la nadra kama hilo. Nitafute Kiltegan kwenye sensa?

Bi Rukia: Hapana kaka, na nimefurahi umeuliza kabla ya kupoteza muda. Kiltegan, kule Wicklow, ni makao ya shirika lao, Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa 1932. Mapadri wake walitoka kaunti mbalimbali. Padri "wa Kiltegan" ni kama kusema mwanajeshi wa kambi fulani. Tafuta taarifa yake ya upadirisho au ya kifo kwenye gazeti la kaunti, hapo ndipo hutajwa parokia ya nyumbani. Ukiipata rudi hapa, tutaanza na hatua ya 4 pamoja.

Neema_Galway: Kuna duka linauza nembo ya ukoo ya kila jina, kwenye kikombe. Ni ya kweli?

Bi Rukia: Nembo hupewa mtu na wazao wake. Haitolewi kwa jina. Nunua kikombe kwa chai.

Hamisi T.: Nimepima DNA, imesema 31% Ayalandi. Jina langu la Kiayalandi ni lipi?

Bi Rukia: Asilimia haitaji jina. Soma somo tangu mwanzo.

Hamisi T.: Nimesoma. Hakuna DNA humo.

Bi Rukia: Hakuna kwa sababu hatua ya kwanza ni jina, nawe huna bado. Kromosomu Y ndiyo hupita baba kwa mwana kama jina linavyopita, kwa hiyo ukipima hiyo na ukalingana na wanaume wenye jina moja, una pa kuanzia. Kipimo cha asilimia ni kingine. Na kama Uayalandi wako umekuja kwa upande wa mama, Y haitakuambia kitu.

Mama Salma: Dada, juzi tulikuwa makaburi ya Tuamgraney, mawe yamekwisha kulika, hatukusoma hata moja. Watu wanasema upake chaki.

Bi Rukia: Usipake chaki, inalila jiwe. Nenda jua linapokaribia kuzama, au chukua tochi, uilaze ubavuni mwa jiwe mwanga upite juu ya uso wake. Herufi hutupa vivuli. Piga picha kutoka pande mbili.

Fundi Ally: Naongezea. Kwenye daftari za zamani D na B zinafanana sana. Mimi nilipata familia ninayoitafuta imeingizwa kwa B, baada ya mwaka mzima.

Bi Rukia: Asante Ally, naongeza hili kwenye hatua ya 1 usiku huu. Burack. Ngoja nijaribu mwenyewe.