Mnataka kugoma reli? Someni hii kwanza kabla hamjasimamisha kiberenge

Wakuu, mimi nimekula miaka kumi na kitu kwenye gengi la njia, wale wanaotengeneza reli, na baadae karakana, minne ya mwisho nikiwa katibu wa tawi, kwahiyo simu za saa nne usiku nazijua. Kijana anapiga, nyuma yake kelele tupu, "katibu kesho hapigi mtu nyundo, tumechoka". Swali langu huwa ni hilo hilo, mnagomea nini? Hapo ndo watu wanaanza kukatana maneno, mmoja anasema mshahara wa mwezi uliopita haujaingia, mwingine nyongeza, mwingine ovataimu, mwingine yule bosi ana dharau. Sasa hayo ni mambo manne tofauti na kisheria kila moja lina njia yake, na ukichanganya tu umeliwa.

Naongelea Tanzania hapa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Cha kwanza kabisa, tenganisha deni na ombi. Kama ni hela ambayo tayari ni yenu, yan mshahara umechelewa, ovataimu hamjalipwa, makato ya mfuko wa pensheni hayajapelekwa, hayo ni malalamiko, dai la haki, na sheria hairuhusu kugomea dai la haki. Unajaza fomu ya CMA namba moja, watu wanaiita CMA F1, unaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndo hiyo CMA, na hulipii hata mia. Lakini muda! Kama umeachishwa kazi una siku 30, madai mengine siku 60 tangu mgogoro uanze, na hizo siku zinahesabiwa na zile ulizokaa ukiambiwa "subirini hela ipo njiani". Ukichelewa inabidi uanze kuomba radhi kwa tume uongezewe muda na sio lazima wakubali.

Kama ni kitu ambacho bado hamna ila mnakitaka, nyongeza ya mshahara, posho mpya ya kambi, hapo ndo mgogoro wa maslahi, na mgomo halali unaishi hapo tu.

Niwape kisa. Kambi moja, kampuni siitaji, vijana hawajalipwa miezi miwili. Asubuhi wakalaza mataruma manne, ile mihimili inayokaa chini ya reli, juu ya reli, kiberenge cha mkaguzi, kile kigari kidogo cha kwenye reli, hakipiti, wakakaa chini ya mwembe wanapiga stori. Siku ya kwanza raha, siku ya pili meneja anawabembeleza, siku ya tatu kukabandikwa karatasi kwenye mlango wa kontena, atakayekuwa hajarudi kazini Ijumaa saa mbili asubuhi ajihesabu hana kazi. Wengine walidhani ni vitisho. Watu kumi na tisa wakaondoka. Mmoja alinifuata nyumbani na ile barua ya kufukuzwa kaikunja mara nne kwenye mfuko wa ovaroli mpaka imelowa grisi, ananiuliza katibu hii inasemaje. Inauma kwa sababu hela walikuwa wanadai kweli, ilikuwa kesi nyepesi kabisa, ila badala ya kupeleka fomu walipeleka mataruma, na mwajiri akapata kitu cha kuongelea.

Halafu kabla hamjafika mbali, chama. Najua mnachosema, chama kinakata hela tu, viongozi tunawaona Mei Mosi na tisheti. Kuna ukweli hapo na mimi nimevaa hizo tisheti. Ila mwajiri halazimiki kukaa mezani na kundi la mtandaoni la watu arobaini, analazimika kukaa na chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu hiyo. Kwahiyo kazi ya kwanza ya tawi sio kupiga kelele, ni kuhesabu. Mko wangapi, waliojaza TUF 6 ya kukatwa ada ni wangapi? Kama mko 120 na wenye fomu ni 50, hamna meza, tafuteni 11 wengine wiki hii. Na ukiona chama kinazingua una haki ya kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, ila kama chama hicho ndo cha wengi na kina makubaliano ya ada ya uwakala, asiye mwanachama naye anakatwa. Kwahiyo bora uwe ndani upige kura umtoe huyo mwenyekiti.

Mkishakuwa wengi mnadai mkataba wa hali bora, yan makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Hapa kuna mtego nimeuona mara nyingi, mwajiri anawapa posho badala ya mshahara wa msingi. Watu wanashangilia. Sasa angalia, ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili ya msingi, usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni nyongeza ya asilimia 5 ya msingi, hata kiinua mgongo ukiachishwa ni siku 7 za msingi kwa kila mwaka uliotimia mpaka miaka 10. Mtu wa reli anaishi kwa ovataimu na usiku, kwahiyo elfu hamsini kwenye msingi inazaa, elfu hamsini kwenye posho imekaa hapo hapo. Pia chama kinachotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohusu majadiliano, msikubali wimbo wa "kampuni haina hela" bila karatasi.

Kuna ka ugomvi ka ndani lazima mkamalize mapema. Dereva akigoma treni inasimama leo, kila mtu anajua. Mtu wa gengi akigoma hamna anayeshtuka, njia inaanza kulegea taratibu, kwahiyo mwajiri huwa anamtuliza dereva kwanza na gengi linaachwa juani. Nimekaa kwenye kikao madereva wanasema sisi tuna leseni tusilinganishwe na wabeba kokoto, mzee mmoja wa njia akawajibu, haya endesheni hicho kichwa kwenye kokoto bila reli. Watu walicheka lakini tulirudi na dai moja, asilimia moja kwa wote, na hapo ndo tukasikilizwa.

Mazungumzo yakigoma, ndo mlolongo unaanza na usiruke hata hatua moja. Mgogoro unapelekwa CMA kwa usuluhishi, kuna siku 30 hapo, labda mkubaliane kuongeza. Angalieni na mkataba wenu, kama mkataba wa hali bora bado uko hai na suala hilo limo, au mlisaini kwamba mkishindwana mnaenda kwa muamuzi, basi hamgomi. Siku 30 zikiisha bila muafaka mnapiga kura kufuata katiba ya chama, wengi wa waliopiga kura waseme ndio. Sio kunyoosha mikono getini bosi anawaangalia dirishani. Sisi magengi yalikuwa yametawanyika kwenye njia ndefu, sanduku likasafiri na kiberenge siku mbili, kila kituo orodha ya majina inasainiwa na watu wawili wa pale pale wanahesabu. Tuliitwa wajinga wa makaratasi. Poa tu.

Baada ya kura, notisi ya masaa 48 kwa mwajiri kwa maandishi. Andikeni tarehe na SAA, halafu barua iende na daftari la dispachi, aliyeipokea asaini na aandike saa aliyopokea, wakikataa kusaini rudini na shahidi. Usitume kwenye simu ya meneja ukasema ameona tiki mbili za bluu.

Ila angalia sana, kama wewe ni mtumishi wa umma, kuna sheria nyingine ya 2003 ya majadiliano katika utumishi wa umma, notisi yake ni siku 60, sio masaa. Muulize katibu wa kanda uko upande gani kabla ya kufanya chochote. Na huduma muhimu kama maji, umeme, hospitali haziruhusiwi kugoma, pamoja na usafiri unaohitajika kuzihudumia, kwahiyo usiseme reli haijatajwa ukalala, jueni mzigo gani unapita kwenu.

Siku yenyewe, hakuna kuzuia geti, hakuna kumfungia meneja ofisini, hakuna kupanga watu mlangoni kuzomea wanaoingia, sheria inakataza vyote hivyo. Mataruma yabaki kwenye stoo. Na dereva kama saa imefika uko katikati ya pori na abiria, unafika stesheni, unakabidhi treni, ndo unashuka. Kwenye mgomo halali mwajiri haruhusiwi kuleta vibarua wa kuziba nafasi zenu na hawezi kukufukuza kwa kugoma, ila mshahara wa siku hizo halazimiki kulipa, kwahiyo mfuko wa unga uanze kuchangwa miezi kabla. Wazee wanapenda kutusimulia mgomo wa reli wa 1960, siku 82, enzi za Kasanga Tumbo aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, kana kwamba watu walikula ujasiri. Na wakishamaliza hawasemi kilichofuata, kwamba 1962 ikaja sheria iliyofanya kugoma kihalali iwe karibu haiwezekani, na 1964 vyama huru vikavunjwa ikabaki NUTA peke yake, chama kimoja cha wafanyakazi wote nchini.

Likibandikwa tangazo la mwisho kama lile la kontena, usilipuuze hata kama mna uhakika mko sahihi, mpigie simu kiongozi wa juu wa chama siku hiyo hiyo, lipigeni picha, ombeni muda wa kujibu kwa maandishi.

Mkikubaliana, msirudi kazini kwa neno la mdomo la "nyie anzeni tutamalizana". Iandikwe asilimia ngapi, kuanzia mwezi gani, malimbikizo yanalipwa lini, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kushiriki, pande zote zisaini, nakala moja ikae tawini sio nyumbani kwa mwenyekiti. Halafu slipu ya kwanza ikitoka kaeni kumi pamoja mzilinganishe mstari kwa mstari. Yetu ilikuja ile nyongeza imeandikwa sehemu ya posho, tukarudi kwa mhasibu siku hiyo hiyo na nakala mkononi.