Namna ya kupata maana ya neno la Kiingereza cha zamani

Mwongozo huu ni wa anayesoma Kiingereza cha kati ya mwaka 1500 na 1800: Biblia ya King James ya 1611, tamthilia za Shakespeare, barua na hati za enzi hizo. Maandishi ya kabla ya 1100 yana sarufi yake na kamusi zake. Usiyachanganye na haya.

1. Jua mwaka wa andiko. Uandike pembeni, utauhitaji hatua ya nne.

2. Soma herufi sawasawa. Kwenye vitabu vya kabla ya 1800 hivi utakuta ſ, ambayo ni s, si f. Tazama kistari cha katikati: kwenye f kinapita pande zote mbili, kwenye ſ kiko kushoto tu, au hakipo. Tena ſ haikai mwisho wa neno. Programu zinazogeuza picha za kurasa kuwa maandishi huikosea mno, hivyo ukitafuta *suffer* kwenye kitabu kilichoskaniwa ukakosa, jaribu *fuffer*. Pia, kwenye vitabu vya kabla ya 1630 hivi, v huanza neno na u hukaa katikati: *vpon* ni *upon*, *loue* ni *love*.

3. Vua viambishi. *Letteth* ni *let*, *knowest* ni *know*.

4. Fungua kamusi ya kihistoria. Anza na Oxford English Dictionary. Toleo la kwanza lilitoka kwa sehemu kuanzia 1884 hadi 1928, na juzuu zake zilizoskaniwa zinasomeka bure kwenye tovuti ya Internet Archive. Sifa yake ni kwamba kila maana ina sentensi zenye mwaka. Linganisha na mwaka wako. Alama † huonyesha kilichokufa. Kwa karne ya 18, ongeza kamusi ya Samuel Johnson ya 1755. Zile orodha za maneno ya ajabu zinazosambazwa mitandaoni achana nazo: hazina sentensi wala mwaka, hivyo huna cha kuhakiki.

5. Shuku maneno unayoyajua. Hapa ndipo watu hupotea. *Overmorrow* (keshokutwa) na *ereyesterday* (juzi) hayana hatari, kwa kuwa huyajui na utayatafuta. Neno ulilolizoea hulitafuti.

Chukua *let*. Katika 2 Wathesalonike 2:7, King James inasema "he who now letteth will let". Msomaji wa leo ataelewa "anayeruhusu", ilhali maana ni kuzuia. Biblia ya Kiswahili ya Union ina "azuiaye". Hivi vilikuwa vitenzi viwili, *lætan* (kuacha) na *lettan* (kuzuia), vikaja kufanana. Kamusi huvipa vidahizo viwili, yaani maingizo mawili yenye maelezo tofauti, kwa hiyo ukiishia kwenye cha kwanza umekosa. Teremka mpaka cha pili. Hicho cha kuzuia bado kimo kwenye pasipoti za Uingereza: "without let or hindrance".

*Prevent* ni mtego wa namna nyingine: neno ni moja, maana ndiyo iliyohama. Katika 1 Wathesalonike 4:15 ni kutangulia, kama Kilatini *praevenire*. Hapa kidahizo hakibadiliki. Soma maana zote chini yake.

Kuna na gumu zaidi, ambapo maana mbili ziliishi pamoja kwa karne kadhaa na mwaka peke yake hauamui. *Meat* ya 1611 yaweza kuwa chakula chochote au nyama. "Meat offering" ya Walawi 2 ni unga, mafuta na ubani, hakuna nyama hata kidogo. Kinachoamua ni sentensi za jirani, basi soma sura nzima kabla hujachagua.

Mengine ya kukagua kila mara: *conversation* (mwenendo), *suffer* (kuruhusu), *quick* (aliye hai), *presently* (mara moja), *wherefore* (kwa nini). Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo" hamtafuti alipo. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo wa maadui.

6. Jaribu maana. Irudishe kwenye sentensi, kisha kwenye sentensi nyingine ya mwandishi yuleyule yenye neno hilo. Ikikataa kwenye ya pili, rudi kwenye kamusi uanze na maana au kidahizo kinachofuata.