Hesabu Siku Zako Kabla ya Kuhesabu Nguo: Somo la Kupunguza na Kulipanga Upya Kabati

Katika miaka niliyokaa nyuma ya cherehani hapa Kirumba, Mwanza, lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko yote ni la mtu mwenye kabati lisilofunga mlango, ambaye hata hivyo asubuhi ya Jumatatu husimama mbele yake akisema hana nguo. Nilidhani ni maringo, mpaka siku nilipotoa nguo zangu mwenyewe nikakuta magauni 11 ya sare za harusi na sketi mbili tu za kazini, moja ikiwa imepauka nyuma kwa kukaliwa. Mtu huyo hasemi uongo. Nguo anazo, ila zilishonwa kwa siku zisizojirudia, na siku zinazojirudia kila wiki hazikushonewa kitu.

Hatua ya kwanza: andika siku zako

Kabla hujagusa hata henga moja, chukua daftari na uandike siku 28 zilizopita, ukitaja kila siku ulikwenda wapi na kwa usafiri gani. Andika ulivyoishi, si unavyotamani kuishi. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alipata siku 20 za kazi, siku 4 za ibada, vikao viwili vya harusi, msiba mmoja na harusi moja, lakini karibu nusu ya kabati lake ilikuwa nguo za shughuli.

Usafiri usiudharau, kwa sababu sketi ya kubana haipandi bodaboda kwa heshima, na anayevuka kila asubuhi kwa kivuko cha Kamanga anajua upepo wa ziwa unavyolifanya gauni jepesi lililo pana chini. Vivyo hivyo anayeishi mlimani, akishuka kwenye mawe ya Igogo au Mabatini kabla ya kuifikia lami, hana sababu ya kumiliki jozi nne za viatu vya visigino virefu.

Hatua ya pili: toa kila kitu

Chagua siku kavu, tandika mkeka, na utoe nguo zote, pamoja na zile za kwenye begi juu ya kabati, za nyuma ya mlango na zilizoko kwenye kamba. Ukiacha fungu moja ndani, hilo ndilo litakalorudisha msongamano. Nguo za mwenzako na za watoto usiziguse. Urithi nao uweke kando bila kuuhesabu: mimi niligawa doti ya kanga ya marehemu mama yangu kwa haraka ya kupanga, na sijaipata tena. Kanga za namna hiyo zina sanduku lake.

Hatua ya tatu: pambanua

Vaa kila nguo usiyoikumbuka mwilini, kisha inama, kaa, na inua mikono kama mtu anayeshika bomba la daladala. Inayokubali yote hayo na ina siku yake kwenye daftari, inabaki. Inayokubali lakini haina siku yake, iondoke hata kama ni nzuri. Iliyo na siku yake lakini ina kasoro, iende kwenye fungu la fundi.

Mafungu mawili huwashinda watu. La kwanza ni la nguo za "nikipungua". Sioni ubaya wa kubakiza mbili uzipendazo, lakini 15 zinazokusuta kila ukifungua mlango ni mzigo, na mwili ukipungua kweli utapata nguo. Aliyejifungua karibuni asubiri kwanza, kwa kuwa mwili wake haujatulia, na atakayoyaamua leo atayajutia baada ya miezi michache.

Fungu la pili ni sare, na hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo. Kamati ikichagua kitenge, mwanamke hushona gauni refu la mkia, hulivaa kwa muda wa saa sita, na halitoki tena, maana kila aliyelikuta ukumbini atajua ni la harusi ya nani. Dawa yake huanza kabla mkasi haujagusa kitambaa: mwambie fundi akushonee sketi na blauzi zinazotengana badala ya gauni. Siku ya harusi vitavaliwa pamoja na hakuna atakayegundua, na Jumanne inayofuata sketi itakwenda kazini na blauzi nyeupe. Kwa yale ambayo tayari ni magauni, lililo pana chini hukatwa kiunoni likawa sketi, na mkia ukitoa kitambaa cha kutosha utapata mkanda wake. Katika 11 yangu niliokoa manne kwa njia hiyo.

Hatua ya nne: fungu la fundi

Nitasema jambo ambalo mafundi wenzangu hawatalifurahia: si kila nguo inastahili kuletwa kwetu. Zipu, vifungo, upindo uliofumuka, kiuno kinacholegea na mikono mirefu ni kazi nyepesi. Kuachia nguo iliyobana kunategemea kitambaa cha akiba kilichobaki ndani ya mshono wa pembeni. Igeuze nguo uangalie, kwani sentimita 1 ikiachiwa kila upande wa mishono yote miwili huongeza sentimita 4 kwenye mzunguko. Angalia pia kama mshono wa zamani umeacha alama au matundu, hasa kwenye satini, maana hayo hayafutiki.

Mabega yaliyozidi ni habari nyingine. Kuyarekebisha ni kuung'oa mkono, kulichonga upya kwapa na kuurudisha mkono, na kwa koti lenye bitana gharama inaweza kupita bei ya koti jingine la mtumba. Kitambaa kilichokwisha, kinachoonyesha mwanga ukikiinua juani, hakina fundi.

Hatua ya tano: zitoe nyumbani siku hiyohiyo

Nguo zikilala kwenye mfuko nyuma ya mlango, kufikia Ijumaa nusu yake zitakuwa zimerudi kabatini. Zilizo nzima wape watu unaojua zitawatosha, zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, kwa kuwa anayepokea ana heshima yake. Fulana za pamba zilizochakaa ni madekio bora kuliko ya dukani, ila nailoni na poliesta haidaki maji, basi usiikatie dekio.

Hatua ya sita: nunua pengo, si nguo

Sasa rudi kwenye daftari. Idadi ya nguo za kazi hutokana na siku unayofua: anayefua kila Jumamosi, anayevaa shati mara moja, na anayekwenda kazini siku tano anahitaji mashati matano, na mawili ya akiba kwa wiki za masika, kati ya Machi na Mei, ambapo nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Suruali au sketi huvaliwa mara mbili au tatu kabla ya kufuliwa, hivyo tatu zinatosha. Ongeza sweta moja kwa asubuhi za Juni na Julai.

Kuhusu rangi, usianze na unayoipenda, anza na viatu na mkoba ulio nao, kwa sababu ndivyo ghali kubadilisha. Chagua rangi mbili za msingi zinazopatana navyo, na rangi kali ziachie vitenge na vilemba. Watu hukimbilia nyeusi wakidhani inaficha uchafu, lakini katika kiangazi chetu vumbi huonekana juu yake kama unga. Bluu iliyokolea au kahawia humsitiri mtu vizuri zaidi.

Ukienda soko la mitumba la Mlango Mmoja, nenda na orodha na futi ya fundi, na pima nguo yako inayokukaa vizuri kabla ya kutoka, kwa kuwa namba iliyoandikwa shingoni hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kagua kwapa, ndani ya kola, katikati ya mapaja na meno ya zipu. Ukitaka kujua kama kweli ni pamba, omba uzi mmoja kutoka upindo wa ndani na uuwashe kwa kiberiti nje ya banda: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa jua la mchana na kupanda vilima, tofauti hiyo utaisikia mgongoni.

Kitenge kipya cha pamba kiloweke na ukianike kabla ya kumpelekea fundi, kwa kuwa pamba hurudi. Ni afadhali kitambaa kirudi kabla ya kukatwa kuliko gauni kurudi baada ya kulilipia.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Buzuruga: Shikamoo fundi. Sare za ndugu zangu wa damu nikizigawa wataniona sina shukrani. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Sare ya dada yako wa tumbo moja si sawa na ya jirani wa kikao, nami singekushauri uitoe angali anakuja kwako. Igeuze sketi, au kata foronya za mito ya sebuleni, ili akija aione inatumika.

Mwanachama wa Kirumba: Nauza dagaa mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Nguo zangu zote zimeshika harufu, hata za kutokea. Je, nizitupe?

Usitupe, zitenganishe. Nguo za mwaloni ziwe za pamba, kwa sababu poliesta hushika mafuta na harufu hata baada ya kufuliwa, na zisilale kabati moja na za kutokea. Zipe kamba yake nje. Zianze kwenye maji baridi, kwani maji ya moto huigandisha shombo, kisha sabuni, na suuza ya mwisho uitie siki kidogo au ndimu kabla ya kuzianika juani. Za kutokea zikifuliwa hivyo mara mbili tatu na bado zinanuka, hapo ndipo uzishushe cheo.

Mwanachama wa Nyegezi: Chumvi inazuia kitenge kisichuje?

Kaka, chumvi humsaidia anayetia rangi kitambaa, lakini haiwezi kuishikiza rangi ambayo kiwandani haikushika. Kifue peke yake, kwa maji baridi, bila kukiloweka muda mrefu, na ukianike kivulini kikiwa kimegeuzwa. Ukikiona kinaendelea kuchuja baada ya mfuo wa nne, usikichanganye na kitu cheupe maishani mwake.

Mwanachama wa Pasiansi: Masika nguo zangu huota ukungu kabatini, hasa za shughuli. Nyumba yangu imeegemea mwamba.

Ukuta unaopakana na mwamba hubeba unyevu, basi lisogeze kabati kiasi cha mkono kupita nyuma yake, na siku ya jua acha milango wazi. Nguo iliyovaliwa isirudi kabla jasho halijakauka, na nguo za shughuli uzivue mifuko ya plastiki uliyopewa dukani, uzifunike kwa kanga kuukuu. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali hufukuza nondo lakini haviondoi ukungu, na kamwe visikae pamoja na nguo za mtoto mchanga, kwa kuwa mvuke wake unaweza kumdhuru damu.

Mwanachama wa Igoma: Dada, nimefanya yote, na nimebaki na nguo 31. Sasa mume wangu anauliza kama tumeibiwa. Je, si chache mno?

Nimecheka, nisamehe. Rudi kwenye daftari uangalie kama kuna siku hata moja kati ya zile 28 iliyokosa nguo. Kama haipo, 31 zinatosha. Kama ipo, andika pengo hilo peke yake kwenye karatasi ya kwenda sokoni, na zile henga zilizobaki tupu mpe shemeji atundike mashati yake, ambayo nina hakika yanalala kwenye kiti.