Mti kuchipua si mti kunenepa

Mti wa mtundu ukivaa majani mekundu mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado haina hata dalili, sisi warina asali wa huku Sikonge, mkoani Tabora, tunafurahi: maua yanakuja. Miaka mingi nilidhani mti uliotangulia kuchipua ndio uliotangulia kukua. Sivyo. Majani ya kwanza ya miti ya miombo, jamii ya mtundu, hutoka kwa maji na akiba ya chakula iliyomo shinani na mizizini. Unene wa shina husubiri udongo uloe. Joto likizidi, hewa hunyonya maji kwa nguvu, mti unafunga vitundu vya majani yake usikauke, na ukivifunga hauwezi kujitengenezea chakula. Kwa hiyo unaweza kuuona umependeza kichwani, kiuno kimesimama palepale.

Basi pima vyote viwili, majani na unene wa shina, kila kimoja na safu yake daftarini.

Chagua mitundu mitano na mininga mitano, yenye shina moja lililonyooka, bila kovu la moto. Kama msitu ni wa kijiji, pitia kwanza kamati ya maliasili. Kwenye kila shina, mita 1.3 kutoka chini, zungusha mstari wa rangi. Usipigilie msumari, gome huvimba palepale unapopima. Magamba yaliyokwisha kulegea yapukute kwa kiganja, panga liache nyumbani.

Tumia tepu isiyovutika, usome hadi milimita. Mimi nilianza na kamba. Ilibadilika urefu kila ilipolowa, mwaka mzima ukapotea. Ukitaka unene wa kukatiza shina, gawa mzunguko kwa 3.14: sentimita 94.2 ni kama sentimita 30.

Pima alfajiri, saa kumi na mbili, mara moja kwa mwezi. Mchana shina hupungua kidogo kwa kupoteza maji, usiku hujaa tena. Ukipima leo asubuhi na mwezi ujao saa nane mchana, umepima jua. Na mvua za kwanza za Novemba zitakudanganya vilevile, maana shina huvimba siku chache tu baada ya kunyesha. Hayo ni maji. Ndiyo sababu hesabu yangu ya mwaka huanzia mwisho wa kiangazi na kuishia mwisho wa kiangazi kinachofuata, shina likiwa kavu mara zote mbili.

Majani yaangalie kila wiki kuanzia Agosti, uandike kiasi kilichochipua: robo ya matawi, nusu, au yote. Mvua kinga kwa kopo lenye pande zilizonyooka, upime kina kwa rula kila asubuhi. Ukiwa na kipimajoto, kitundike kivulini.

Mwaka mmoja usiulaumu wala usiusifu. Kiangazi kikali huja na kupita. Utakachotafuta baada ya miaka kadhaa ni pengo kati ya tarehe ya majani na mwezi ambao kiuno kinaanza kweli kusogea, kama linapanuka.

Daftari liweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Mchwa walinilia kurasa za Januari mpaka Mei.