Kabla ya Kulipa Ada ya Kurisiti Kidato cha Nne

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, hawakosi watu wawili watatu wa kunifuata. Mara nyingi ni watu wazima, wana kazi na watoto, na wanajua kwamba mimi mwenyewe niliwahi kupata F ya Hisabati nikarudi kuifuta. Wanataka kurisiti, yaani kurudia mtihani, na niwatajie kituo kizuri cha masomo na ada yake. Nami huwauliza kwanza: ulikosea nini? Wengi hunyamaza. Kwamba walifeli wanajua. Walifelia wapi, hawajui.

Basi anza hapo, hela ikiwa bado mfukoni. Tafuta mtihani wa mwaka uliopita, kaa saa tatu bila daftari wala simu, kisha mpe mwalimu asahihishe kwa ukali. Karatasi ya matokeo ilikupa herufi tu. Hii itakupa namba. Tuseme umepata 22. D, ambayo ndiyo ufaulu wa chini kabisa, inaanzia 30, kwa hiyo unadaiwa alama nane. Katika Hisabati, kila swali la Sehemu A lina alama 6, na maswali yako kumi. Deni lako halifiki hata maswali mawili. Mtu aliyeishi miaka kumi akijiita mbumbumbu akiiona hesabu hiyo, hukaa sawa kwenye kiti.

Halafu usikilize ulimi wako. “Hesabu hazinipandi.” “Ukoo wetu sisi ni watu wa Kiswahili na Historia.” Maneno haya tunayasema kwa kucheka, lakini yanafunga mlango. Kiswahili kina silabi moja inayoufungua: ja. “Siwezi logi” ni hukumu. “Sijaweza logi” ni taarifa ya leo tu, na kesho inaweza kubadilika. Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeeneza wazo kwamba uwezo wa akili hukuzwa, hulisisitiza sana neno “bado”. Sisi tunalo ndani ya kitenzi tangu utotoni. Jizoeze kulisema wiki mbili kabla ya kuanza masomo, hata kazini. Na umwombe mwenzako wa nyumbani akukosoe ukiteleza. Mke wangu alinikosoa bila huruma.

Kinachofuata ni daftari la makosa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoponea. Nunua daftari moja ambalo hutaandika jibu sahihi hata moja mpaka uandike kwanza ulivyokosea na kwa nini. Si “nilikosa swali la 4”, bali “nilihamisha namba upande wa pili nikasahau kubadili alama.” Baada ya mwezi nilikuta kosa hilo hilo limejirudia mara kumi na moja. Nilikuwa nalitesekea somo zima kumbe ninaumwa kidole kimoja.

Usiishie kwenye makosa yako. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure kabisa. Humo mna maelezo ya kila swali lilitaka nini, asilimia ya waliofanya vizuri na vibaya katika kila swali, na picha za majibu halisi kwa mwandiko wa watahiniwa, mazuri na mabaya. Ukisoma chambuzi chache utaona sababu zinazorudi rudi: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, au Kiingereza kilimkwamisha. Kwa hiyo huenda Baiolojia yako haina tatizo, ila hujatofautisha swali linalosema orodhesha na linalosema eleza. Ajabu ni kwamba watu hununua vitini mitaani, na hazina hii hawajaifungua.

Aibu nayo uikabili mapema. Utakaa dawati moja na kijana wa umri wa mwanao, na atakuwahi kujibu. Mzee Kimani Maruge wa Kenya alivaa kaptura ya shule Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, akaingia darasa la kwanza. Wewe hata sare hudaiwi. Amua tangu sasa kwamba utauliza swali lako mbele ya watu, angalau moja kila kipindi.

Ila nisikudanganye. Mtazamo huo wa “bado” peke yake hauna nguvu za ajabu. Utafiti uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Nature, uliohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani, ulionyesha kwamba somo fupi la mtazamo huu liliwapandisha waliokuwa na alama za chini kwa pointi 0.1 tu katika wastani wao. Ni kitu, lakini ni kidogo. Saa za kusoma lazima uzitafute: mimi nilizipata saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Kama ratiba yako haina hata saa moja ya kila siku, ahirisha mwaka. Mtihani wa Novemba utarudi.

Sasa tuzungumze kituo. Usihesabu wingi wa viti wala mabango ya waliofaulu. Ingia, mtafute mwanafunzi aliyepo, umwombe akuonyeshe jaribio lake la mwisho. Ukiona limerudishwa na tiki na mikasi tu, kalishukuru geti utoke. Ukiona mwalimu ameandika pembeni kosa limeanzia mstari upi, uliza ada.